Kiwanda cha zamani, udongo wenye sumu: anzia ardhini

Anayekabidhiwa kiwanda kilichofungwa, chenye majengo ya kihistoria na ardhi iliyolowa lami, kwa kawaida hukimbilia mojawapo ya mambo mawili: anamwita msanifu achore, au analeta tingatinga lizoe udongo wote. Yote mawili ni mapema mno. Ijulikane kwanza sumu ipo wapi na imeshuka kina gani, ndipo kila kipande cha ardhi kipewe kazi inayokifaa.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika Duisburg, Ujerumani. Kiwanda cha kuyeyushia chuma cha Meiderich kilianzishwa 1901 na kufungwa 1985. Mwaka 1994 kilifunguliwa kuwa bustani ya umma, kazi ya msanifu wa mandhari Peter Latz. Matanuri yaliachwa yamesimama na kutu yake. Tangi la gesi lilijazwa maji, likawa bwawa la wapiga mbizi lenye kina cha mita 13. Lakini sehemu ya kuchomea vumbi la madini ilikuwa imechafuka kupita kiasi, ikabomolewa. Kuipenda historia si sababu ya kubakiza kila tofali.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza, tafuta michoro ya mabomba, picha za zamani na wazee waliofanya kazi pale. Mzee aliyechochea makaa miaka 20 atakuonyesha shimo la lami ambalo halimo kwenye ramani yoyote. Tia alama penye matangi, transfoma, stoo ya rangi na jaa la majivu. Eneo la jumla lichimbwe sampuli kila mita 20. Karibu na alama hizo, kila mita 5. Katika kila shimo tenga sentimita 0–10, kisha 10–35, halafu chukua kila mita moja au kila udongo unapobadilika rangi au harufu. Usichanganye udongo wa mashimo mbalimbali kupunguza gharama za maabara: sehemu moja mbaya ikichanganywa na tisa safi, majibu yatakuja mazuri na hatari itabaki palepale.

Penye mafuta au benzeni, kimiminika chenye sumu kinachogeuka mvuke upesi, tumia chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Jaza mpaka juu pasibaki hewa, futa chembe za udongo mdomoni ili kifuniko kikaze, weka kwenye kisanduku cha barafu papo hapo. Udongo uliosafiri kwenye mfuko wa nailoni juani hufika maabara mvuke wake umeshatoroka, na mtu anajenga nyumba juu ya cheti kisicho na ukweli.

Majibu yasomwe kwa matumizi. Kanuni za Ujerumani zinaweka kiwango cha madini ya risasi ambacho kikipitwa lazima uchunguzi zaidi ufanyike: kwa kilo moja ya udongo, miligramu 200 penye michezo ya watoto, 400 penye makazi, 1,000 kwenye bustani za umma na 2,000 penye viwanda. Udongo wenye 700, basi, unaweza kubeba njia na nyasi za bustani bila kuhamishwa, lakini bembea zisiwekwe hapo. Kupanga hivi kunaokoa pesa nyingi, na kila lori unaloliepuka ni vumbi ambalo majirani hawakulivuta.

Udongo unaobaki mahali pake hufunikwa. Kuanzia chini: ardhi iliyoshindiliwa na kuinamishwa sentimita 3 kwa kila mita, kitambaa cha kinga, karatasi nzito ya plastiki ya milimita 2, kitambaa kingine, kokoto sentimita 30 za kupitishia maji, wavu wa rangi ya chungwa, kisha udongo safi: sentimita 60 kwa nyasi, mita 1.5 kwa miti. Wavu huo ni wa bei ndogo na ndio unaosahauliwa zaidi. Kazi yake ni kumwambia fundi bomba atakayekuja miaka 10 baadaye kwamba asimamishe sururu. Mifuniko mingi huharibikia pale bomba linapopenya plastiki, kwa hiyo pitisha mabomba yote ndani ya udongo safi, juu ya wavu.

Mfuniko hauzuii maji ya ardhini yanayopita chini kwa ubavu. Unachoweza ni kulinyima eneo maji mapya: mvua ya mapaa isizame penye sumu. Duisburg maji machafu ya mto Emscher wa zamani yaliingizwa kwenye bomba chini ya ardhi, na juu yake ukatengenezwa mfereji wa maji ya mvua.

Bakteria wanaokula mafuta udongoni nao wana mipaka. Seattle, Marekani, kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe kilichofanya kazi 1906 hadi 1956 kiligeuzwa bustani iliyofunguliwa 1975. Richard Haag alichanganya tope la maji taka na vumbi la mbao kwenye udongo ili vijidudu viyale mafuta. Tabaka la juu lilipata nafuu, lakini lami nzito iliyo chini hailiwi upesi, na mwaka 1984 bustani ilifungwa kwa muda ili ipimwe.

Kwenye majengo, mvuke wa sumu iliyo udongoni hupanda kupitia nyufa za sakafu. Ziba nyufa, na chini ya sakafu mpya laza mabomba yenye matundu yanayotoa hewa juu ya paa. Kuta za matofali na chokaa zipigwe lipu ya chokaa; saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, tofali likamomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Mabati ya asibestosi yalowanishwe, yafunguliwe bila kuvunjwa wala kutobolewa, yafungwe tabaka mbili za nailoni.

Chimba angalau visima vitatu vya uangalizi wa maji ya ardhini, kimoja upande maji yanakotoka na viwili yanakoelekea, vipimwe kila miezi mitatu. Ramani ya mfuniko iwekwe kwenye hati ya kiwanja, na nakala moja ibandikwe ndani ya kibanda cha pampu, mahali ambapo fundi atapita kabla hajachukua jembe.