Maswali ya Wasomaji: Treni Hii ya Mizigo Inaelekea Wapi?

SWALI: Ninaishi Njoro, na nimeanza kupiga picha za treni za mizigo zinazopita karibu na kwetu. Jirani mmoja husema kwamba zote zinakwenda Uganda, na mwingine hushikilia kwamba zinaishia Kisumu. Nitawezaje kujua safari ya treni niliyoipiga picha? Tena, kwa nini picha zangu za adhuhuri huonyesha magurudumu kama giza tupu? – Msomaji, Njoro

JIBU: Ndugu msomaji, majirani wako wote wawili wana hoja. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mzigo wa Uganda ulishushwa hapo na kuvushwa ziwani kwa meli. Baadaye ilijengwa njia ya pili kutoka Nakuru kupitia Rongai, Timboroa, Eldoret na Webuye hadi Malaba, nayo ikaufikia mji wa Kampala mwaka 1931. Njia hizo mbili huachana upande wa magharibi wa Nakuru, na Njoro iko kwenye ile ya Kisumu. Kwa hiyo treni uionayo hapo ikielekea magharibi haitapita Eldoret kamwe. Itapanda Elburgon na Molo, ivuke kilele cha Mau, kisha iteremke kupitia Londiani, Fort Ternan, Muhoroni na Kibos. Hata hivyo, mabehewa yake yanaweza kufika Uganda, kwa sababu meli ya MV Uhuru, iliyorejeshwa kazini mwaka 2019 baada ya kukaa miaka mingi bila kusafiri, ina reli sakafuni na hupakia mabehewa yenyewe kutoka Kisumu hadi Port Bell, bandari ya Uganda iliyo karibu na Kampala. Kwa upande wa magharibi, basi, mahali uliposimama pamekwisha kukujibu nusu ya swali kabla hujafungua kamera.

Upande wa mashariki una ugumu wake. Reli ya kisasa ya SGR ina upana wa milimita 1,435, ilhali reli inayopita kwenu ina milimita 1,000, na hakuna behewa linaloweza kutoka moja na kuingia nyingine. Kontena lililoletwa na SGR kutoka Mombasa hushushwa katika bohari ya Naivasha, likapakiwa upya kwenye behewa la reli ya zamani, na kuunganishwa na njia kuu huko Longonot. Kontena jingine huweza kuja kwa reli ya zamani tangu pwani. Kwa kulitazama kontena peke yake hutatambua lilikuja kwa njia ipi, na ningekushauri usiandike chini ya picha kwamba treni “imetoka Mombasa” ikiwa ulichoshuhudia ni kupita kwake Njoro tu.

Wapigapicha wengi hukosea wanapoipenda injini mno. Injini inavutia, nakubali, na namba yake ina faida: tarakimu mbili za mwanzo huonyesha aina, hivi kwamba zote zinazoanza na 93 ni za kundi moja lililotengenezwa na kampuni ya General Electric ya Marekani. Lakini injini huweza kubadilishwa njiani, mzigo ukaendelea na safari bila yake. Anayetaka kujua njia za mizigo ni lazima ayapige picha mabehewa, moja baada ya jingine, kwa ukaribu unaowezesha namba zilizoandikwa ubavuni kusomeka. Kwenye kontena utaona herufi nne, ya mwisho ikiwa U, zikifuatwa na tarakimu sita na moja ya kuhakiki. Herufi tatu za mwanzo humtaja mwenye kontena; hazisemi linakokwenda. Chini yake huwa na alama kama 22G1, yaani kontena la kawaida la futi ishirini, au 45G1, la futi arobaini lenye kimo kirefu zaidi.

Tazama pia springi zilizo karibu na magurudumu. Zikiwa zimebanwa sana, behewa lina mzigo. Zikiwa zimeachana, huenda ni tupu hata kama milango ya kontena imefungwa. Makontena mengi hurudi Mombasa bila kitu, kwa kuwa Kenya na Uganda huagiza bidhaa nyingi kuliko zinavyouza nje. Andika tarehe, saa, mahali, upande treni ilikoelekea, namba ya injini na namba za mabehewa. Kisha mtafute mwenzako wa Kibos au Muhoroni na mwingine wa Rongai, nao waandike vivyo hivyo. Namba ya behewa ikionekana Njoro asubuhi na Kibos baadaye, hapo mmeithibitisha safari kwa macho yenu, na ushahidi huo una thamani kubwa kuliko picha yoyote nzuri isiyo na maelezo.

Kuhusu giza la magurudumu, sababu ni kwamba Njoro iko karibu kabisa na ikweta. Mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri hukaa utosini, na sehemu yote ya chini ya behewa hubaki kivulini. Mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba upande wa kusini. Kwa kuwa reli yenu kwa jumla huelekea magharibi, ubavu unaopata mwanga hubadilika kulingana na msimu. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Treni inayopanda mlima huenda polepole, hivyo kuifungua shata ya kamera kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde kunatosha kuzuia picha isitikisike.

SWALI: Je, naruhusiwa kusimama kwenye reli au kuingia bandarini ili nipige picha? – Msomaji, Kisumu

JIBU: La. Kuingia katika eneo la reli bila ruhusa ni kosa kisheria, na treni yenye mzigo haiwezi kusimama ghafla hata dereva akikuona mapema. Simama mahali pa umma, kwa mfano nje ya makutano ya barabara na reli. Stesheni umwombe mkuu wake kwanza, na ukikataliwa uondoke bila kubishana. Bandari ni eneo la ulinzi. Barua ya maombi, inayoeleza unachotaka kupiga na picha zitakavyotumika, ipelekwe kwa uongozi wake mapema. MV Uhuru yaweza pia kupigwa picha ukiwa mbali, katika sehemu za ufuo zilizo wazi kwa umma, kwa lenzi ndefu, na asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza kuleta mawimbi.