Nitaishi vipi na wenzangu katika chuo cha watu wa ajabu?

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 19, mkazi wa Ngamiani, Tanga, mjukuu wa mzee aliyekuja mjini hapa kutoka Kigoma akiwa manamba wa mashamba ya mkonge. Nimepata ufadhili wa kusoma katika Chuo cha Reed, Portland, nchini Marekani. Kila picha ninayoiona inanitia hofu: wanafunzi wanatembea pekupeku, nywele zao ni za kijani, na wote wanaonekana wamesoma vitabu ambavyo sijapata kuvisikia. Mimi navaa ushungi, sinywi pombe na ni mkimya. Je, sitaishia kukaa chumbani peke yangu kwa miaka minne?

Mwenye Hofu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera.

Nianze na hizo nywele, kwa sababu ndizo zinazokutisha zaidi ilhali ndizo zenye uzito mdogo. Reed, chuo kilichoanzishwa mwaka 1908 na chenye wanafunzi wapatao 1,400 tu, hakina vile vyama vya udugu ambavyo katika vyuo vingi vya Marekani huchagua nani akaribishwe na nani aachwe nje. Mahali ambapo kila mtu huvaa apendavyo, sioni kwa nini ushungi wako ndio uwe kioja. (Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple, alijiunga hapo mwaka 1972, akawa anatembea pekupeku, akaacha masomo baada ya muhula mmoja, na bado hakukosa marafiki wa kumlaza sakafuni kwao.)

Kinachonitia wasiwasi mimi ni ukimya wako. Kwetu, binti anayenyamaza mbele ya wakubwa husifiwa kwamba amelelewa. Huko, masomo mengi huendeshwa kwa mazungumzo ya kundi dogo lililoizunguka meza pamoja na mwalimu, na anayenyamaza haonekani kuwa na adabu bali huonekana kama hayupo. Hapo mezani ndipo urafiki unapoanzia, kwani wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza husoma somo moja la lazima linalochanganya fasihi, historia na falsafa, vitabu vilevile kwa wakati uleule, kiasi kwamba mtu yeyote utakayeketi naye wakati wa chakula mna jambo la kubishania. Vitabu hivyo usivyovisikia, wengi wao nao watakuwa wakivifungua kwa mara ya kwanza. Jipangie kusema neno moja katika kila kipindi, hata likiwa swali tu, kisha mkitoka umfuate aliyekupinga na umwambie kwamba hamjamaliza. Kwao huo si ugomvi.

Kuhusu pombe sitakuficha: sherehe zitakuwapo, na nyingine zitakuwa nayo. Nenda unakotaka, ondoka unapotaka, wala usijieleze sana. Neno "sinywi" linatosha.

Jihadhari zaidi na simu ya nyumbani. Wakati wa baridi, giza la Portland huingia kabla ya saa kumi na moja jioni, mvua haikatiki kwa urahisi, na saa mbili ya usiku huko ni saa moja asubuhi ya siku ya pili Tanga, mama yako akiwa ameamka na chai iko jikoni. Utatamani kumpigia kila siku saa hiyo, nayo ndiyo saa ambayo wenzako wamekaa pamoja. Mpigie saa mbili asubuhi yako, ambayo kwake ni saa moja jioni, ili usiku wako ubaki kuwa wa huko uliko.

Mji wetu huitwa wa waja leo waondoka leo, na babu yako ni mmoja wa waliokuja wasiondoke. Kabla hujapanda ndege, muulize yeye au bibi yako ni nani aliyekuwa wa kwanza kumkaribisha chakula, na walianza kuzungumza kuhusu nini.