Maswali ya Wasafiri: Hoteli za Bonde la Mto Ayung, Bali

SWALI: Watoto wetu wamechanga fedha ili mimi na mume wangu tuadhimishe miaka thelathini ya ndoa kwa kulala wiki nzima katika hoteli ya kifahari iliyo bondeni karibu na Ubud, kisiwani Bali, mwezi wa Agosti. Picha zinavutia mno, lakini mzee anasumbuliwa na magoti, na sisi ni Waislamu ambao hatujawahi kufika pande hizo. Je, tukubali zawadi hii kama ilivyo?
Mama wa watoto wanne, Mombasa

JIBU: Hongera sana, Mama. Kubalini zawadi, ila wiki nzima msiimalizie bondeni, na fedha zisilipwe kabla hoteli haijawajibu kwa maandishi kuhusu ngazi.

Ayung ndio mto mrefu kuliko yote kisiwani Bali, na unapopita karibu na Ubud umechimba korongo lenye kingo zilizosimama. Hoteli nyingi za fahari zimejengwa juu ya kingo hizo, na kinachouzwa kwa bei ile kubwa ni mteremko wenyewe: kijani kinachojaa dirishani, sauti ya maji usiku kucha, na nyumba zilizotawanywa hivi kwamba humwoni jirani yako. Mteremko huohuo ndio utakaomtesa mzee. Katika hoteli ya Four Seasons iliyoko Sayan, iliyofunguliwa mwaka 1998, mgeni huingia kwa kuvuka daraja refu hadi kwenye bwawa la mayungiyungi ambalo kumbe ni paa la jengo kuu. Mengine yote yako chini yake. Amandari, iliyofunguliwa mwaka 1989 na kusanifiwa na Peter Muller kwa mfano wa kijiji cha Bali, imekaa juu ukingoni na kulitazama bonde kutoka huko. Hanging Gardens ya Payangan inateremka kwa kasi kiasi kwamba wageni hupandishwa na kushushwa kwa kigari cha reli kinachovutwa na kamba ya chuma.

Kwa hiyo msiulize kama hoteli ina usafiri wa ndani, kwa maana wote watajibu kuwa vipo vigari vya umeme, na ni kweli vipo, lakini vigari hivyo huishia barabarani na si mlangoni. Ulizeni kuna vipandio vingapi kutoka kitandani hadi mezani pa chai ya asubuhi, na vingapi ndani ya nyumba yenyewe, kwa sababu nyumba nyingine za huko zina chumba cha kulala juu na sebule chini. Mkiomba nyumba iliyo karibu na mapokezi mtapoteza mandhari ya mto kidogo na kuokoa magoti mengi. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri.

Iwapo mnafikiria nyumba ya chini kabisa, jueni pia kwamba Ayung ni mto wa mashua za mpira. Katika sehemu nyingi za mto huo, kuanzia asubuhi hadi alasiri watalii waliovaa kofia ngumu hupita wakipiga makelele ya furaha, na bwawa la kuogelea ambalo tangazo linaliita la faragha laweza kuonekana kutoka mtoni. Mama anayejistiri aulize jambo hilo mapema bila haya.

Kuhusu dini, wakazi wengi wa Bali wanafuata dini ya Kihindu, na nyama ya nguruwe ni chakula chao cha heshima, tofauti na sehemu nyingine kubwa za Indonesia. Andikieni jikoni kabla ya kufika, mkitaja wazi suala la nyama iliyochinjwa kihalali na la vyombo vya kupikia. Nje ya hoteli, tafuteni migahawa midogo ya watu wa Java na Padang iliyoandikwa neno halal mlangoni. Kibla nacho kitawageuza: nyinyi mliozoea kuelekea takriban kaskazini mtaelekea magharibi, mkiinamia kidogo kaskazini. Na kila asubuhi mtakuta chini, mbele ya milango, visahani vya majani machanga ya mnazi vyenye maua na ubani. Hizo ni sadaka za wenyeji, zizungukeni, msizikanyage.

Agosti ni kiangazi, lakini Ubud iko bara na juu kidogo, hivyo usiku wa bondeni una ubaridi na unyevu, na nguo iliyofuliwa huchelewa kukauka. Mbu wapo, na dengi ipo. Bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa mnatoka Kenya, na habari za viza mzipate ubalozi wa Indonesia, Nairobi. Ningelala bondeni usiku tatu, kisha nikamalizia siku zilizobaki pwani, mahali pa tambarare ambapo mzee atatembea mwenyewe.

SWALI: Nimetumiwa bei ya chumba huko Ubud, na mbele ya tarakimu pana alama mbili za kujumlisha. Maana yake nini?
Msomaji, Muscat

JIBU: Maana yake bei hiyo bado haijakamilika, ndugu yangu. Huongezwa ada ya huduma na kodi, ambazo kwa Bali kwa kawaida hufikia jumla ya asilimia 21, kwa hiyo chumba cha dola 800 kitakutoka dola 968. Alama hizo utazikuta pia kwenye chakula na kwenye kukandwa mwili. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 14 Februari 2024 kila mgeni wa kigeni hutozwa rupia 150,000 na serikali ya jimbo, mara moja kwa safari.

SWALI: Nimeambiwa nisiende Bali mwezi Machi kwa sababu uwanja wa ndege hufungwa. Ni kweli?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ni kweli, kwa siku moja. Nyepi, siku ya ukimya inayofungua mwaka wa kalenda yao ya Saka, huhamahama: mwaka 2024 iliangukia tarehe 11 Machi, mwaka 2025 tarehe 29 Machi. Uwanja wa Ngurah Rai hufungwa kwa saa 24, barabara hubaki tupu, na walinzi wa jadi waitwao pecalang huhakikisha kwamba hakuna anayetoka nje, mgeni akiwemo. Taa hupunguzwa, na hoteli huwahudumia wageni ndani ya uzio wake. Kwa aliyelala bondeni hiyo ni siku ya thamani, maana hata magari ya mbali hayasikiki. Fika angalau siku moja kabla, ili jioni uone masanamu makubwa ya mapepo yakizungushwa mitaani, na uulize kama milo ya siku ya Nyepi imo katika bei ya chumba, kwani siku hiyo hutaweza kwenda kula kwingine.