Pointi za kadi ya mkopo na safari ya meli ya utalii

Dada yangu wa Nyegezi, umeeleza kwamba mwanao aliyeko Houston ana kadi ya mkopo ya Carnival, kampuni ya meli za utalii, na unauliza kama pointi anazozawadiwa kila anapoitumia zinaweza kukulipia safari ya meli kutoka Galveston, bandari iliyo karibu na Houston. Zitakupunguzia gharama, ila usitarajie zilipie yote: kwa kawaida pointi moja huwa na thamani ya senti moja ya dola, hivyo pointi 10,000 ni kama dola 100 tu.

Mimi nilipokuwa na kadi ya namna hiyo nilichelewa kulipa mwezi mmoja, na nilipofungua taarifa yangu nikakuta mstari mmoja wa riba umemeza pointi za miezi minne. Mwanao alipe deni lote kila mwezi, kwani riba hiyo mara nyingi hupita asilimia 20 kwa mwaka. Pia aulize benki kama pointi zinaweza kutumika kwa safari yenye jina lako, na asifunge kadi kabla ya kuzitumia.

Ninalolisisitiza zaidi ni viza. Tafadhali msilipe nauli ya meli kabla hujaipata katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam, na uulize kama itakuruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikirudi Galveston utakuwa unaingia Marekani upya.