Muulize Shangazi: Bwenini wanamwita "babu", anataka kurudi ziwani

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wanne niko Kibirizi hapa Kigoma, nauza dagaa. Kijana wangu wa pili ana miaka 17, yuko fomu tuu shule moja ya bweni huko Tabora. Tangu darasa la tano alikuwa anaenda ziwani na mjomba wake, shule anaenda anaacha, la saba akafaulu hivohivo lakini fomu wani hakuripoti akabaki na boti. Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi ile miezi mitatu ya 2024 akakaa nyumbani hana kazi, siku moja akaniambia mwenyewe mama mi nataka kusoma. Nikapokea hela yangu ya mchezo, ule upatu wetu, nikampeleka bweni nikijua huko atakimbizana na wenzie. Sasa matokeo ya juzi hesabu 11, kiingereza 14, baiolojia 19, kiswahili 61. Amenipigia kwa simu ya matroni analia, kijana ana ndevu shangazi analia, anasema wanamwita babu, anasinzia darasani, anataka kurudi nyumbani. Nimtoe? Au nimwache nile hasara?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Usimtoe. Ila usimwache peke yake pia, maana hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea, tunadhani bweni lenyewe litafanya kazi, tukishalipa ada na kununua godoro na tranka tunarudi nyumbani tunasubiri matokeo. Bweni linampa mtoto masaa ya kusoma, basi. Kama hajui aanzie wapi hayo masaa atayakalia tu na daftari mbele yake.

Hebu tuangalie hizo maksi zake vizuri, zimesema mambo mengi. Kiswahili 61 ni B inakaribia. Kwahiyo kichwa kipo, anasoma anaelewa, anaandika anaeleweka. Kilichomwangusha kwenye baiolojia sio baiolojia, ni kiingereza, kwasababu shule ya msingi alisoma kila kitu kwa kiswahili, kafika sekondari ghafla moyo na mapafu na mizizi yote ina majina mengine, na wenzie wengi walipitia pri-fomu wani au tuisheni wakati yeye yuko majini. Muulize kwa kiswahili kwanini samaki anakufa ukimtoa majini uone kama hatakueleza vizuri kuliko huyo anayepata 70.

Hesabu ndio nataka nikae nayo kidogo. We unajua kuliko mimi kwamba dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka boti zinapumzika. Sasa piga picha huyo mtoto miaka mitatu, giza hayupo darasani, mbalamwezi yupo. Yani wiki ambayo wenzie wamefundishwa hesabu za sehemu yeye yuko ziwani, wiki ya desimali yupo, wiki ya asilimia hayupo tena. Huyo hakuachwa nyuma moja kwa moja kama mtu aliyechelewa treni, huyo ana matobo hapa na pale, na mwalimu wa fomu tuu anajenga juu ya matobo hayo bila kujua, anaandika aljebra ubaoni kijana ananakili tu. Nina uhakika ukifungua daftari lake utakuta mwandiko safi kabisa, mistari imenyooka, afu zoezi lenyewe halijafanywa au lina mikasi mitupu.

Nimekaa na mabinti bwenini huku Tabora miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua hizi, nikakutana na mmoja kutoka Sikonge alikokuwa anasaidia kwenye mashamba ya tumbaku. Jumamosi moja mchana wenzie wanafua, nikamkuta kachuchumaa nyuma ya simtanki na kitabu cha jografia cha kidato cha pili. Aliponiona akakibana kifuani akaanza kutetemeka. Nikakichukua nikafungua, ndani ni hesabu za darasa la tano, kachana jalada la jografia kalishonea juu na uzi mweusi wa kushonea sare, mishono midogo midogo ya kupendeza kabisa, ili mtu asione anasoma vitu vya watoto. Sikumgombeza. Nilikaa nae hapo chini akanionyesha alipofika, alikuwa kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, na alikuwa amezipata zote. Tangu siku ile nikimwona mtoto mkubwa amefeli siulizi kwanini hasomi, nauliza anaona aibu ya nini.

Kwahiyo fanya hivi. Siku ya kutembelewa nenda mwenyewe, usitume mjomba. Usidai ripoti kwanza, omba madaftari. Mbebee vitabu vya hesabu vya darasa la tano, la sita na la saba, wala usivitoe mbele ya watu, weka chini kabisa kwenye mfuko chini ya sabuni na mafuta. Mwambie kila siku aamke na nusu saa yake ya hivyo kabla ya kitu kingine, na kiingereza achukue kitabu chembamba cha hadithi asome kwa sauti hata kama ni nyuma ya simtanki. Haya masomo mengine kwa sasa ahudhurie tu asiyapiganie, akishika kiingereza na hesabu mengine yatamfuata. Afu muone mwalimu wa taaluma, mwambie ukweli wote wa ziwani, walimu wengi hawajui, wanadhani mtoto mvivu. Muombe amtafutie mwenzie mmoja mpole wa kufanya nae diskasheni wakati wa prepo, yale masaa ya kujisomea. Mmoja, sio kundi la watu nane wanaopiga stori.

La kusinzia pia lina sababu yake. Mtu aliyezoea kukesha na taa majini mwili wake haugeuki kwa siku moja, taa za bweni zikizimwa saa nne yeye ndio macho yanafunguka, kengele ya saa kumi na moja ikilia ndio usingizi mtamu. Mueleze matroni au patroni. Asilale mchana hata Jumapili, na akikosa usingizi abaki kitandani asitoke kuzurura, taratibu mwili utakubali. Na kama anachapwa kwa kusinzia, hilo liongee na mkuu wa shule kwa heshima lakini liongee.

Kingine ambacho hukukiandika ila nakihisi, huyu kijana alikuwa anashika hela yake. Alikuwa analeta unga nyumbani. Leo anaomba hela ya sabuni kwa mama. Mwambie wazi kwamba humuoni kama mzigo, mkumbushe na siku aliyokuja mwenyewe kuomba shule. Na hilo la "babu", wakati wa Julius Nyerere isingekuwa ajabu, yeye alianza darasa la kwanza Mwisenge kule Musoma mwaka 1934 ana miaka 12, mwaka 1937 akaja kusoma hapahapa Tabora. Mwanao anaposhuka stesheni anakanyaga mji uleule. Jina la utani likizidi mpaka linamnyima raha, mwalimu wa malezi yupo kwa kazi hiyo.

Upimaji wa kidato cha pili ni Novemba. Hata akilazimika kukariri mwaka sio hasara dada yangu, kwa mtoto mwenye matobo mwaka wa kurudia unaweza kuwa ndio wa kuyaziba. Akirudi ziwani sasa hivi harudi tena darasani, nakwambia kwa niliyoyaona.

SWALI: Shangazi, niko Urambo nina miaka 18, niliacha shule nikiwa fomu tuu nikapata mtoto, sasa ana mwaka mmoja na miezi miwili. Baba anasema nirudi bweni, mtoto abaki kwa mama. Nataka kusoma ila nikimfikiria mtoto nashindwa. Kuna njia nyingine?

JIBU: Ipo mwanangu, na nafurahi baba yako amesimama na wewe, sio wote wanasimama. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu walioacha shule kwa sababu kama yako warudi, kwahiyo mtu asikutishe kwamba umefukuzwa. Lakini huyo mtoto bado mdogo na bweni halina nafasi ya kukimbia nyumbani akipata homa. Mi kwa upande wangu ningeanza na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, wana mpango wa sekondari wa kusoma miaka miwili badala ya minne, unasoma unarudi nyumbani. Njia nyingine ni ya mtahiniwa wa kujitegemea, unafanya kwanza mtihani wa maarifa wa NECTA, yani Baraza la Mitihani, ule wanaouita QT, ukifaulu ndio unajiandikisha wa kidato cha nne. Hii inataka nidhamu sana maana hakuna kengele ya kukuamsha. Nenda ofisi ya elimu hapo halmashauri uulize kituo kilicho karibu, nenda na baba.

SWALI: Niko fomu foo bweni hapa Tabora. Wakizima taa mi naendelea na tochi chini ya shuka mpaka saa nane, lakini kichwa hakishiki kitu. Nifanyeje?

JIBU: Zima tochi ulale. Ukilala saa nne kengele ikilia una masaa saba kichwani, na hapo ndipo unaposhika. Karatasi za miaka ya nyuma muombe mwalimu wa taaluma, fanya moja kila Jumamosi masaa matatu kamili bila kufungua daftari, Jumapili ndio usahihishe.