Akiletwa kwenu akiwa ameteswa, msimuulize alifanya nini

Kijana mmoja alikuja jumuiya, kikundi chetu cha sala cha mtaani, Alhamisi jioni akiwa amevaa ndara za baba yake, kubwa kumpita, akitembea kwa kingo za miguu kama mtu aliyekanyaga makaa. Mama yake alikuwa nyuma yake. Tulikuwa kwa mwenyekiti wetu, hapa Mombasa, watu kumi hivi, rozari imekwisha na chai inamiminwa. Akapewa kikombe. Vidole vikakataa kufunga. Akakibana kwa viganja viwili na kuinamisha kichwa kukifuata, maana kukiinua hakuweza.

Alikuwa amelala ndani siku tatu. Simu ilipotea dukani alikokuwa kibarua, tajiri akamtaja yeye. Huko kituoni alifungwa mikono kwa nyuma, akapigwa nyayo kwa kipande cha bomba ili aseme kaificha wapi, kisha akaachiliwa bila kuona hakimu.

Mimi ndiye niliyeuliza. Wala sikumtazama yeye, nilimtazama mama yake: “Kwani alifanya nini?”

Baada ya hapo tulifanya yote ambayo leo nakuomba wewe usiyafanye. Tulisimama sote tukamwombea, sala ndefu kweli. Mzee mmoja akamsihi awasamehe waliompiga. Mama mmoja akaona itapendeza atoe ushuhuda Jumapili. Hospitali hakuna aliyeitaja. Alipofika kwa daktari ilikuwa siku ya tisa, uvimbe umeshuka na damu iliyovilia imegeuka manjano. Daktari akaandika alichokiona, nacho kilikuwa kidogo. Kesi ikafia hapo.

Kwa hiyo hospitali kwanza, usiku huohuo ikibidi, na mtu asiende peke yake. Amweleze daktari alivyofungwa, kwa muda gani, alipigwa na nini na wapi, hata kama sehemu hiyo haionyeshi kitu. Ganzi ya vidole isemwe. Kamba ikikaza kifundo cha mkono huumiza mishipa ya fahamu, na hilo daktari hulipima, ila asipoambiwa atatazama miguu tu. Pigeni picha kila siku kwa siku kadhaa, maana michubuko mingine hujitokeza baadaye. Fomu ya P3, ile ya kuandika majeraha kwa ajili ya kesi, hutolewa na polisi na kujazwa na daktari, na wengi huishia hapa kwa sababu hawathubutu kurudi mlangoni walikopigwa. Hapa ndipo kanisa au msikiti una faida: katekista na mzee mmoja wakimsindikiza, wamevaa vizuri, hawasemi mengi, mambo hubadilika. Kisha malalamiko yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi. Hapa Pwani shirika la haki za binadamu la MUHURI wamezoea kesi hizi, na shirika la IMLU wana madaktari na mawakili wa kazi hiyohiyo.

Msamaha mwachieni mwenyewe. Ushuhuda pia. Aliyelazimishwa kusema kwa siku tatu hapaswi kulazimishwa tena na sisi, hata kwa upole.

Sasa nirudi kwenye swali langu, kwa sababu ndilo lililotufanya tuchelewe. Nilipouliza alifanya nini, nilikuwa natafuta ruhusa ya kutojali. Angekuwa mwizi, ningemaliza chai yangu kwa amani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 25, inasema haki ya kutoteswa haiwekewi mipaka yoyote, na Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 inamfunga mtesaji hadi miaka 25. Hakuna mahali palipoandikwa “isipokuwa mwizi”. Lakini sheria hatuendi nayo jumuiya. Tunakwenda na roho zetu za mtaani, zilezile zinazoshangilia mwizi akivishwa tairi.

Aliyenifungua macho ni shehe wa msikiti wa jirani. Tulikutana kwa jambo jingine kabisa, la maji, nami nikamsimulia. Akaniambia hadithi iliyo katika Sahih Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume: Hisham bin Hakim, sahaba wa Mtume, alipita Sham, upande wa Siria, akawakuta wakulima wamesimamishwa juani, wamemwagiwa mafuta vichwani. Akauliza kuna nini. Akaambiwa ni kodi ya ardhi. Basi Hisham akasema amemsikia Mtume akisema kwamba Mwenyezi Mungu atawaadhibu wanaowatesa watu duniani. Pokeo jingine la hadithi hiyo linaongeza kuwa aliingia kwa amiri, mtawala wa hapo, akamwambia maneno hayo, na watu wakaachiliwa. Shehe akanyamaza kidogo, halafu akasema: “Uliona? Hakuuliza kama deni ni la kweli. Na hakwenda kuwahubiria wakulima.”

Nikakumbuka na upande wetu wa Wakristo, maana hatukosi mifano. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, walianza kufunga kula pale Uhuru Park, Nairobi, wakidai wana wao. Watu waliowahi kuteswa wakawa wanafika pale na kusimulia yaliyowapata, mambo ambayo kabla ya hapo yalinong'onwa tu, kama vile seli zilizojazwa maji chini ya Nyayo House, jengo la serikali. Siku chache baadaye polisi wakawatawanya kwa marungu na gesi, baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani. Walikohamia ni kanisani, All Saints Cathedral, chini ya jengo. Wakakaa humo karibu mwaka mzima. Serikali ilikuwa ikiwaita vijana wale wahalifu, na kanisa halikusubiri kuthibitishiwa kwamba si wahalifu ndipo lifungue mlango. Hebu waza tu ni magodoro mangapi, sufuria ngapi, malalamiko mangapi ya waumini kuhusu choo.

Jambo moja bado linanishinda kulisema vizuri. Wanaopiga nao husali. Kwetu kuna askari kwenye kwaya na askari katika safu ya mbele kanisani. Padri alipohubiri kwa mara ya kwanza kwamba kumtesa mahabusu ni dhambi, na akataja nyayo na kamba bila kuzungukazunguka, askari mmoja alinifuata nje. Nilidhani amekasirika. Akasema mkubwa wake hudai kesi ziishe upesi, na kukiri ndiyo njia ya mkato. Sikuwa na jibu. Nilimwambia aongee na padri. Ninachoweza kukushauri ni kwamba mahubiri ya aina hiyo yasiwe ya kijanja. Ukisema “dhuluma” tu, kila mtu atafikiria dhuluma ya jirani yake.

Yule kijana hakurudi jumuiya. Mwaka jana nilimkuta stejini Likoni akipanga abiria. Akaniamkia, nikamuuliza mkono. Akafungua vidole akavifunga. Gumba bado lina ganzi. Nikaona ndiyo nafasi yangu, nikamwomba radhi kwa swali lile. Akanitazama kama asiyeelewa. Swali hakulikumbuka kabisa.

“Mlinisimamisha,” akasema. “Ile sala yote, mama, nilikuwa nimesimama.”