Maswali ya wasomaji: ngoma ya Kusini ndani ya kompyuta

Safari hii safu imeachiwa wanaotengeneza muziki wa kompyuta peke yao, bila studio kubwa wala meneja, katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Barua nyingi zinazunguka jambo moja: namna ya kuingiza sauti za kwetu kwenye mashine bila kuziharibu. Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu kazi nyingi huharibikia hapo.

Newala: Habari za kazi, mafundi. Nimerekodi sindimba, nikaikata na kuipanga kwenye programu ya FL Studio. Kila nikiinyoosha kwa kwantaizi, kile kitufe cha kuvuta mapigo yakae kwenye mistari ya programu, inachechemea. Wachezaji wenyewe wakiisikia wanasema hii si sindimba. Nakosea wapi?

Ndugu yetu, ngoma yako ni nzima. Gridi, yaani vijumba vya programu vya kupangia mapigo, ndiyo isiyoifaa. FL Studio ukiifungua inakupa vijumba 16 kwa ba moja (kipimo cha mapigo manne ya mguu), yaani kila pigo la mguu limegawanywa mara nne. Ngoma nyingi za Kusini hugawa hatua ya mguu mara tatu. Chukua mwendo wa mapigo 120 kwa dakika: kutoka hatua hadi hatua ni milisekunde 500. Mikono ya mpigaji inaangukia kwenye 0, 167 na 333. Gridi ya nne ina nafasi kwenye 0, 125, 250 na 375. Ukibonyeza kwantaizi, pigo la 167 linavutwa nyuma hadi 125, na la 333 linasukumwa mbele hadi 375. Nafasi zilizokuwa sawa, 167-167-167, sasa ni 125-250-125. Huko ndiko kuchechemea unakokusikia, na wachezaji wana haki ya kuikataa.

Kabla hujagusa kitu, hesabu kwa sikio. Gonga mguu pale wachezaji wanapokanyaga, kisha ifuate ngoma ndogo inayopigwa mfululizo kwa vijiti, uhesabu mapigo yake kati ya hatua na hatua. Ukipata matatu au sita, weka kipimo cha 12/8, yaani mapigo manne ya mguu yaliyogawanywa mara tatu kila moja, au geuza mshiko wa gridi uwe theluthi ya pigo. Ukipata manne, gridi ya kawaida inakutosha. Mwendo usiiachie programu ikukisie: kwenye ngoma za tatu mara nyingi hushika mapigo yasiyo ya mguu, ikakupa namba iliyo mara moja na nusu ya mwendo wenyewe. Hesabu hatua za sekunde 30, zidisha kwa 2, basi.

Gridi ya tatu nayo usiikaze kwa asilimia 100. Mpigaji mzuri hachelewi wala hawahi ovyo. Kuna pigo analolibana na lingine analoliachia, na utamu umo humo. Anza na asilimia 30, sikiliza, usizidi 50. Mara nyingi inatosha kunyoosha lile pigo la hatua peke yake na kuyaacha mengine yalivyopigwa.

Kuna na tatizo la mwendo kupanda. Ngoma ikichangamka huongeza kasi, na rekodi iliyoanza kwenye 116 inaweza kumalizia kwenye 124. Ukiilazimisha yote ifuate namba moja, programu itanyoosha na kubana sauti hadi ngozi isikike kama imelowa maji. Tafuta ba nne ambazo mwendo wake umetulia, zikate, uzijengee hapo. Ukitaka rekodi nzima, weka alama mwanzoni mwa kila ba ili kompyuta iwafuate wapigaji. Unapokata, anza milisekunde 5 hivi kabla ya pigo lenyewe na uweke mfifio wa milisekunde 2 kila upande. Bila hivyo kila mkato utatoa mdonoo, yaani mlio mfupi wa "tik".

Kiki ya kompyuta, ule mdundo mzito wa chini, usiitandaze kila hatua kwa mazoea ya dansi za disko. Sikiliza ngoma kubwa inasema wapi, halafu kiki ijibu pale ngoma kubwa ilipokaa kimya. Zikigongana, ondoa kwenye ngoma kila kilicho chini ya hezi 90 (mitetemo 90 kwa sekunde), au punguza kiki. Zote mbili haziwezi kumiliki chini kwa wakati mmoja.

Masasi: Nina simu tu. Ngoma zikianza kwa nguvu sauti inapasuka, na ngoma kubwa ikilia nyingine zinapotea kisha zinarudi taratibu. Simu yangu mbovu?

Si mbovu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kule kupotea na kurudi kunaletwa na kirekodi cha simu, kinachojipandishia na kujishushia sauti chenyewe kwa sababu kimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo na kuhifadhi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), hezi 48,000. Kupasuka kunatokana na sauti kubwa kuliko uwezo wa maiki. Hapo kupunguza kiwango kwenye skrini pekee hakusaidii ikiwa maiki yenyewe imeshazidiwa, sogea nyuma. Anza na mita 2 au 3, kilele cha mapigo kicheze kati ya desibeli −12 na −6. Ukilikuza wimbi ukaona vichwa vimekatwa bapa, rudia, maana kilichokatwa hakirudi kwa plagini yoyote, yaani programu ndogo ya kuchakata sauti.

Mahali pana uzito kuliko simu. Chini ya mkorosho au mwembe ni bora kuliko chumba cha saruji na bati, ambako kila pigo linarudi mara tatu. Upepo wa kusi ukivuma, funika maiki kwa sponji ya sentimita 2 na juu yake kitambaa chenye manyoya. Usitumie mfuko wa plastiki, unachakarisha. Weka simu kwenye hali ya ndege.

Ngoma nyingi za ngozi huoteshwa moto kabla ya kupigwa, na zikipoa ngozi inalegea, sauti inashuka. Kwa hiyo sampuli zote za ngoma moja zichukuliwe mara tu inapotoka motoni. Mwombe mpigaji akupe mapigo 10 ya kila ngoma, kutoka la polepole hadi la nguvu, na sekunde 3 za ukimya katikati ili mwangwi uishe. Pigo moja likirudiwa mara mia linasikika kama cherehani. Ukiwa na kumi na ukayachanganya, mkono wa mtu unabaki. Mwishoni rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali penyewe. Utauhitaji kuzibia mapengo.

Mikindani: Nakaa mbele ya laptopu saa tatu nzima, nafungua sauti mia mbili, sipati wazo hata moja. Wenzangu wanaanzaje?

Dada, sauti mia mbili ndizo zinazokufunga. Zifunge. Chukua sauti tatu za mahali unapoishi, na wimbo wote utoke humo. Pale Mikindani hutembei mbali: injini ya boti, pweza anayepigwa juu ya jiwe alainike, kinu na mchi, korosho zinazobanguliwa.

Mchi ukishushwa kati ya nusutoni 5 na 12 (nusutoni ni hatua ya kitufe kimoja cha kinanda) unakuwa kiki nzito. Watu wawili wakitwanga kwa kupokezana, tayari umepata mdundo wenye kuitikiana, usiunyooshe. Ule mlio wa ganda la korosho linapopasuka, ukiondoa kila kilicho chini ya hezi 500, unakaa mahali pa hai-hati (hi-hat), yale matoazi ya mdundo. Pweza juu ya jiwe ana mlio mpana wenye unyevu, unaofaa mahali pa sneya, ngoma ya mlio mkali.

Injini ya boti ndiyo tajiri kuliko zote, kwa kuwa ndani yake mna kinanda. Kuza wimbi lake, kata kipande cha sampuli 401 (hapa sampuli ni vipimo vidogo vya wimbi) kwenye faili ya hezi 44,100, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde, kisha ukizungushe mfululizo. Kipande hicho kinajirudia mara 110 kwa sekunde, ambayo ni noti A. Sasa kipandishe au kishushe kwenye kibodi, nawe una besi ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Kikidonoa, sogeza mwanzo na mwisho hadi vyote viwili vigonge mstari wa sifuri vikielekea upande mmoja. Kikisikika kikavu mno, tengeneza vipande viwili kutoka sehemu tofauti za rekodi, kimoja ukipandishe kidogo sana, senti 6 tu (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni), vicheze pamoja.

Kazi ya siku ya kwanza ni kukusanya na kukata, bila kutunga. Siku nyingine tunga bila kurekodi kipya. Wengi hukwama kwa kuchanganya kazi hizi mbili, kwani sikio linalotafuta sauti na sikio linalotafuta mpangilio hayafanyi kazi kwa mwendo mmoja.

Ukifika ba nane na kuanza kuzinakili hadi dakika tatu, simama. Kwenye ngoma, mpigaji kiongozi hutoa ishara, na wachezaji hubadili mtindo hapo hapo. Tengeneza ishara yako, sauti moja isiyotumika kwingine, na kila inapolia ondoa kitu kabla ya kuongeza.

Lindi mjini: Nimepewa rekodi ya nyimbo za unyago na bibi yangu. Naweza kuziweka kwenye biti? Halafu kaka zangu wananiambia muziki wa kompyuta ni wa Wazungu, niache.

Tuanze na kaka zako, kwa heshima. Mwaka 1944, jijini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi ngoma ya zar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, kwa mashine ya kurekodia kwenye waya. Akaichakata kwa vifaa vya kituo cha redio: akaondoa sauti za msingi, akabakiza zile za juu, akazipitisha kwenye chumba cha mwangwi. Pierre Schaeffer, anayetajwa sana Ufaransa, alianza kutoa kazi zake za namna hiyo mwaka 1948. Na karibu zaidi na kwetu, mchiriku wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio. Waambie.

Ama unyago, hapa tunakuomba usikimbie. Nyimbo nyingine ni za sherehe ya kutoka, zinaimbwa hadharani, kila mtu anazijua. Nyingine ni mafunzo ya ndani, na bibi kukupa wewe si kuupa umma. Mrudie bibi, mkae na nyakanga (mkuu wa unyago) aliyehusika, mpitie wimbo mmoja mmoja: huu ndiyo, huu hapana. Ulioambiwa hapana usiufiche ndani ya biti kwa kuugeuza nyuma-mbele, wanaoujua watautambua. Kwa ulioruhusiwa, kumbuka kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inagusa pia sanaa za jadi, si kazi za mtu binafsi tu. Kabla ya kuuza, muone Afisa Utamaduni wa halmashauri akuelekeze BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na kazi yako mwenyewe uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kwenye maelezo ya wimbo taja kijiji na waimbaji, kama wamekubali kutajwa.

Njia nyingine ni ile ya El-Dabh. Kata kila kilicho chini ya hezi 800, weka riveba (mwangwi wa chumba) ya sekunde 4 au 5, na maneno yanayeyuka, kunabaki wimbi la sauti za akina mama. Hata hilo liombee ruhusa.

Kilwa Masoko: Nikiharakisha lupu (kipande kinachojirudia) ya taarab kwa ajili ya singeli, sauti inakuwa ya katuni.

Kasi ikiongezeka mara mbili kwa njia ya kawaida, sauti inapanda nusutoni 12. Ikiongezeka mara moja na nusu, inapanda 7. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika, na ule ukali wa juu ni sehemu ya ladha yake, kwa hiyo usiuogope wote. Ukitaka mwimbaji abaki mtu, tumia unyooshaji unaotunza noti, ila kwa sauti na fidla pekee. Midundo iharakishe kwa njia ya kawaida, kwa sababu unyooshaji huo hupaka matope kwenye kila pigo.

Mtwara mjini: Laptopu inakwaruza sauti mchana, usiku inatulia.

Ni joto. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi, na bafa, ile akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa, inakauka. Inua laptopu sentimita 3 kutoka mezani, safisha vumbi la feni. Unaporekodi weka bafa ya sampuli 128, ambayo ni kama milisekunde 3 za kuchelewa. Unapomiksi weka 1024. Ala ulizomaliza zigeuze ziwe faili za sauti uzime plagini zake. Ukisikia mvumo wa chini usiokatika, chomoa chaja usikilize tena. Ukikoma, unatoka kwenye umeme wa hezi 50.

Nachingwea: Besi yangu inatikisa kwenye hedifoni, lakini kwenye simu za watu haipo kabisa, na kwenye spika za harusi inameza kila kitu.

Spika ya simu haitoi cha maana chini ya hezi 200 hivi, na besi yako pengine imekaa yote kwenye 50 na 60. Nakili besi kwenye njia ya pili, iongezee mkwaruzo wa makusudi (distortion), ondoa chini ya hezi 200, kisha ichanganye taratibu hadi uisikie kwenye simu. Sikio litajazia noti ya chini lenyewe. Kwa spika za harusi, kata kila kilicho chini ya hezi 30, na chini ya 120 weka mono, yaani sauti ile ile kushoto na kulia. Spika nyingi za kukodi zinaunganishwa mono hata hivyo, na besi iliyopanuliwa kushoto na kulia inaweza kujifuta yenyewe hapo. Bonyeza kitufe cha mono kwenye programu yako kabla ya kutoa faili, na ikipungua nguvu ghafla, anza kutafuta kwenye plagini ya kupanua uliyoiweka kwenye besi.